Mrejesho: ile mashine ya kupandia ngano, sasa inapanda soya

Wakuu, niliwauliza kama mashine kuukuu ya kupandia ngano, yenye mistari ya kubanana, itafaa kwa soya huku Urambo. Inafaa. Nimeziba matundu mawili ya kutolea mbegu, naacha moja, hivyo hivyo hadi mwisho. Nafasi imefika sentimita 50 na kidogo.

Kazi ilikuwa mbegu kupasuka. Aliyesema nishushe kibati cha chini ya rola inayosukuma mbegu, ili zipite bila kubanwa, ubarikiwe! Kujaribu, tuliinua gurudumu la mashine kwa jeki, tukalizungusha kwa mkono juu ya turubai, soya zikadondoka nzima nzima. Mpunga nao imeukubali, matundu yote wazi. Mahindi hapana, inamwaga ovyo. Hayo tunapanda kwa mkono.

Sasa natafuta mipira ya kushushia mbegu, ya zamani imekauka. Aliyeiona Tabora mjini anijuze bei.