Mrejesho: Sikio la binti yangu

Wapendwa, niliuliza kuhusu binti yangu wa miaka 16 aliyetoboa sikio sehemu ya juu, likavimba na kutoa usaha. Nilikuwa karibu kuivua hereni. Asanteni sana mlionizuia! Daktari naye alisema tundu lingeziba na usaha ungebaki ndani. Alimwandikia antibiotiki, nasi tukawa tunasafisha kwa maji ya chumvi ya duka la dawa. Uvimbe umeisha, namshukuru Mungu.

Kumbe gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, halipati damu ya kutosha, hivyo kupona kabisa huchukua miezi 6 hadi 12. Na ile bunduki ya kutobolea huliponda. Ilitakiwa sindano mpya. Iliniuma kusikia hivyo.

Sasa anataka tatuu. Nimemwambia asubiri afikishe 18, na chanjo ya homa ya ini B akamilishe kwanza.