Vitatu vimekubali, cha nne kimegoma: vitufe vya Wacom kwenye Linux Mint

MamaVibonzo

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni mchoraji, niko Tanga, nachora picha za vitabu vya watoto wa chekechea. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Windows ilikuwa inaikaba koo, mdogo wangu akaniwekea Linux Mint ya Xfce. Krita, programu ninayochorea, inafunguka bila shida, na nilipochomeka tableti ya kuchorea, kalamu ikaanza kuandika hapohapo, ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Sikuweka draiva yoyote. Nilidhani nitalala macho, kumbe wapi.

Tableti ni Wacom Intuos ndogo, CTL-4100, ile yenye vitufe vinne juu. Niliinunua imeshatumika.

Shida ndiyo hivyo vitufe. Nataka cha kwanza kitengue nilichokosea, cha pili kipunguze brashi, cha tatu kiongeze, cha nne kiwe raba. Mkono wa kulia umeshika kalamu, wa kushoto mara nyingi umepakata mtoto, sasa kibodi nitaifikia na nini?

Nikifungua taminali (dirisha la kuandikia amri) na kuandika `xsetwacom list devices`, amri ya kupanga tableti za Wacom, napata hivi:

```
Wacom Intuos S Pen stylus   id: 11  type: STYLUS
Wacom Intuos S Pad pad      id: 12  type: PAD
```

Nikaendelea:

```
xsetwacom set 12 Button 1 "key +ctrl z -ctrl"
xsetwacom set 12 Button 2 "key bracketleft"
xsetwacom set 12 Button 3 "key bracketright"
xsetwacom set 12 Button 4 "key e"
```

Vitatu vimeitika vizuri mno. Cha nne kimya. Nimekibonyeza mpaka kidole kimechoka. Je, ndiyo kimekufa, niliuziwa kibovu?

La pili: jana mtoto kavuta kebo, ikachomoka. Kuirudisha, vitufe vyote vimesahau kila kitu. Nikarudia amri zilezile, naambiwa hakuna kifaa namba 12.

mzee_wa_taminali

Hakijafa. Kitufe chako cha nne kinaitwa 8.

Usicheke. Upande wa X, mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini na kupokea mausi, namba 4 na 5 ni za gurudumu la mausi, kupanda na kushuka, na 6 na 7 ni kwenda kushoto na kulia. Zilishachukuliwa tangu zamani, kwa hiyo draiva ya Wacom inaziruka. Vitufe vya tableti vinahesabiwa 1, 2, 3, halafu 8, 9, 10 na kuendelea. Kila anayeanza anajikwaa hapo hapo, na mimi nilipoteza Jumamosi nzima.

Usiniamini mimi, kiulize kitufe chenyewe:

```
xinput test "Wacom Intuos S Pad pad"
```

Kisha kibonyeze. Ukiona `button press 8`, kizima. Usipoona chochote, hapo ndipo umtafute aliyekuuzia.

kalamu_ya_moshi

Shikamoo mama. Hilo la namba 12 ni kwa sababu namba hizo hutolewa upya kila kifaa kikichomekwa. Leo 12, kesho 14. Tumia jina refu badala ya namba, ndani ya alama za kunukuu.

Na mipangilio ya xsetwacom haiandikwi popote. Inakaa hewani tu; ukichomoa au ukizima mashine imeondoka. Dawa ni kuiweka kwenye skripti, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mpigo. Mimi yangu naiita `vitufe.sh`:

```
#!/bin/bash
sleep 5
P="Wacom Intuos S Pad pad"
xsetwacom set "$P" Button 1 "key +ctrl z -ctrl"
xsetwacom set "$P" Button 2 "key bracketleft"
xsetwacom set "$P" Button 3 "key bracketright"
xsetwacom set "$P" Button 8 "key e"
```

Ipe ruhusa kwa `chmod +x vitufe.sh`, kisha iongeze kwenye orodha ya vitu vinavyojiwasha ukiingia. Hiyo `sleep 5` usiitoe. Bila hiyo skripti inawahi kuliko tableti, inakuta hakuna mtu nyumbani.

Kwa huyo mvuta kebo: ingia mipangilio ya kibodi, sehemu ya njia za mkato, iunganishe skripti hiyohiyo na Ctrl+Alt+W. Akichomoa, unarudisha kebo, unabonyeza, unaendelea. Wapo watakaokwambia uandike kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayopokea vifaa vikichomekwa, ijifanye yenyewe. Inawezekana, lakini udev inaendesha mambo kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na haijui skrini yako iko wapi, utahangaika siku mbili kuokoa sekunde mbili.

naks_inki

Mimi niko Nakuru na Ubuntu 22.04, Intuos hiyohiyo, lakini `xsetwacom list devices` hainipi kitu. Patupu kabisa. Na kalamu inachora!

mzee_wa_taminali

@naks_inki andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Nina hakika itajibu `wayland`. xsetwacom ni mtoto wa X; na Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, hawajuani. Huko fungua Settings ya GNOME, yaani mazingira ya kazi ya Ubuntu yako, kuna ukurasa wa Wacom, vitufe unavipanga kwa kubofya na vinakumbukwa. Ukiwa na mazingira mengine, KDE Plasma, tafuta ukurasa wa tableti ya kuchorea kwenye mipangilio. Mimi nimebaki X kwa sababu ya ukaidi tu.

naks_inki

Ni wayland kweli. Nimepata huo ukurasa, ulikuwa hapo siku zote. Asante mzee.

Na wenye tableti za Huion au XP-Pen wanaopita hapa: mwenzangu anatumia draiva ya OpenTabletDriver, inafanya kazi X na Wayland, na mipangilio inahifadhiwa kwenye faili. Soma tu maelezo yao ya kuzima moduli ya `hid_uclogic`, draiva inayokuja na Linux yenyewe, kwanza, la sivyo zinagombania kifaa kimoja.

MamaVibonzo

Jamani! `button press 8`. Nimepiga kelele mpaka mtoto kaamka.

Skripti imekaa, nimezima na kuwasha mara mbili, vitufe vyote vinne viko kazini. Ctrl+Alt+W nayo nimeijaribu kwa kuchomoa kebo mwenyewe, kabla hajanijaribia yeye. Leo nimemaliza kurasa tatu za kitabu cha mbuzi na mkono wa kushoto haujagusa kibodi.

Limebaki dogo. Kalamu ina vitufe viwili pembeni, na kile cha chini kidole changu hukigusa bila kujua. Nikikigusa nikiwa katikati ya mstari, karatasi nzima inateleza inakwenda zake. Mbuzi mmoja ana mkia wa nusu ukurasa.

kalamu_ya_moshi

Hicho ni kubofya kwa kati, na Krita ikiona hivyo inahamisha karatasi. Kizime. Ongeza mstari huu chini ya skripti, na uangalie ni `stylus`, siyo `pad`:

```
xsetwacom set "Wacom Intuos S Pen stylus" Button 2 0
```

Button 1 ni ncha ya kalamu, hiyo usiiguse kabisa. Cha juu ni Button 3, kinaleta menyu. Nacho ukitaka kukipa kazi nyingine, ni staili ileile.

MamaVibonzo

Kimezimika. Mkia nimeuacha, mhariri kaupenda.