Naomba ushauri: lengo la akiba la mwaka kwa mkulima wa mwani

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Mkulima wa mwani apange vipi lengo la akiba la mwaka?

Wengi hugawa kwa 12: laki 6 kwa mwaka, basi 50,000 kila mwezi. Kwa mwani haikai hivyo. Mbegu, yaani vipande vya mwani, ikishafungwa kwenye kamba huvunwa baada ya wiki 6 hivi, na kazi ni bamvua tu, maji yakitoka sana. Kaskazi, yaani msimu wa joto, ikishika, maji yanakuwa ya moto, mwani unapauka, matawi yanakatika pale pale kwenye fundo, na mbegu inapotea. Mwenye lengo la kila mwezi huvunjika moyo hapo, na kosa si lake.

Nafikiria kuhesabu kwa mavuno: mara 5, kila moja 120,000, ikitengwa kabla ya kununua chochote. Kaskazi lengo liwe kulinda mbegu tu, kwa kuihamishia kwenye maji ya kina zaidi.

Wenye uzoefu, mavuno 5 si mengi mno? Na kikundi cha hisa kinachotaka mchango kila wiki, kaskazi mnakubaliana nacho vipi? Ramadhani nayo ina matumizi yake, na husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka.