Mtindi wa nyumbani, yogati ya kopo au togwa: kipi kinafaa tumbo?

MamaPendo_Moro: Wakuu, nimemaliza dozi ya antibayotiki na tumbo limevurugika, gesi kila nikila. Nimeshauriwa vyakula vilivyochachuka. Kati ya hivi vitatu nianze na kipi?

Mfugaji_Njombe: Mtindi, dada. Ila usigandishe maziwa mabichi, maana brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, haiondoki kwa kuchachuka. Chemsha, acha yapoe kabisa, koroga humo vijiko viwili vya mtindi uliopita, funika mpaka kesho. Ukiinamisha chombo na maziwa yakateleza kwa pamoja kama bonge, na maji ya kimanjano yakajitenga pembeni, umeiva. Usimwage hayo maji.

Maabara_Mwanza: Yogati nayo si mbaya, soma lebo tu. Bakteria wake ni Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Hao husaidia kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, ndiyo maana wengi wanaosumbuliwa na maziwa freshi wanaivumilia. Lakini ikiwa imepashwa moto baada ya kuchachushwa, au inakaa rafuni miezi bila friji, bakteria wameshakufa. Na nyingi za kopo zimejaa sukari, mimi naona bora ile isiyo na ladha. Huku kwetu kuna yogati ya Fiti, yenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, iliyoanza na kikundi cha akina mama wa Mabatini. Halafu dada, ukiharisha sana, ukaona damu au homa, usisubiri mtindi. Nenda hospitali.

Chepkorir_Eldy: Huku kwetu ni mursik. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, maziwa yanakaa humo siku kadhaa. Hata hayo siku hizi tunayachemsha kwanza.

BiMkubwa_Songea: Mnaisahau togwa, na ndiyo ya asiyetaka maziwa! Uji wa mahindi ukipoa unatiwa kimea cha ulezi, unalala, asubuhi una uchachu. Watafiti wa Tanzania waliwapa watoto wadogo togwa, vimelea vya kuharisha vikapungua kwenye choo chao. Ukiichemsha tena umeua kila kitu. Vitumbua vivyo hivyo: unga umeumuka, lakini kwenye mafuta ya moto habaki bakteria hai.

MamaPendo_Moro: Asanteni. Mtindi naanza leo, kikombe kidogo kidogo. Bi Mkubwa, kimea nanunua au naotesha?

BiMkubwa_Songea: Otesha, mwanangu. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu. Ulezi ukiota vimizizi, anika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo usage. Ukiona ukungu, tupa wote.