MREJESHO: Redio ya wati 5 kutoka Irente, Lushoto

Wakuu, shikamooni. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini redio yangu ya ridhaa (ya mawasiliano ya kujifurahisha, si ya biashara) ya wati 5 haisikiki nikipanda nayo milimani. Nimerudi na majibu, na asanteni sana.

Aliyeniambia niachane na antena fupi ya fimbo alinisaidia kuliko wote. Nilikata waya wa mita 10 hivi, yaani nusu ya urefu wa wimbi kwenye megahezi 14, nikafunga transfoma ya 49 kwa 1 ya kuoanisha waya na redio, nikarusha kamba yenye jiwe juu ya mkaratusi na kuuvuta waya mshazari. Jumamosi saa 12 jioni, pale Irente, niliita kwa Morse, yaani milio mifupi na mirefu badala ya sauti, kwenye megahezi 14.060. Mara ya tatu Italia ikajibu! Baadaye Ujerumani. Mikono ilinitetemeka kwa furaha.

Ule mvumo wa redioni niliolalamikia, uliokuwa unameza sauti, nao umekwisha. Ulitoka kwenye kidhibiti cha chaji cha sola, nikikichomoa, kimya. Sasa natumia betri ya lithiamu peke yake.

Kilichoshindikana ni kuongea na Dar kwenye megahezi 7. Kwenye masafa hayo waya unatakiwa uwe mita 20 hivi, nami sikuubeba. Mzee uliyenionya niubebe, nisamehe kwa kubisha. Safari ijayo nitaubeba na kuutandaza mita 3 tu kutoka ardhini kama ulivyosema, mawimbi yapande juu angani, yadunde na kurudi chini karibu.