Waridi la zamani uani Lushoto, nani analijua jina lake?

NyumbaYaMlimani:
Habari zenu wapenda maua, naomba msaada jamani. Hapa kwetu Lushoto uani kuna waridi ambalo babu alilikuta wakati ananunua nyumba, wazee wa mtaani wengine wanalipeleka mpaka enzi za Mjerumani. Limempita mtu kimo, maua ya pinki saizi ya kati, siyo yale makubwa ya dukani, yanatoka kwa vishada na petali zimelegea legea. Linachanua mwaka mzima, hata kipupwe linapunguza tu haliachi. Miiba michache, harufu ipo ila ya mbali. Kinachonishangaza ni kwamba ua likifunguka linakuwa mpauko halafu likipigwa na jua linakolea badala ya kufifia. Sasa kaka anapanua jiko na ukuta unapita pale pale, nataka nijue ni waridi gani na naliokoaje.

FundiMaua_Naivasha:
Mimi niko kwa shamba la maua huku Naivasha. Kabla ya jina angalia chini kwa shina kama kuna kifundo. Waridi nyingi hubandikwa juu ya shina la aina nyingine, huku kwetu sana sana ni Natal Briar, sasa ile ya juu ikikufa ya chini inachipuka na mwenye nyumba anadhani ni ile ile aliyonunua. Pia hesabu vijani kwa jani moja, na uangalie pale jani linaposhikana na tawi, kukiwa na manyoya kama meno ya kitana hiyo ina damu ya multiflora, aina ya waridi mwitu. Picha ya ua peke yake haitoshi, waridi za pinki ni nyingi mno.

NyumbaYaMlimani:
Asante sana, nimeenda kuangalia. Kifundo hakuna, yanayochipuka kutoka ardhini ni yale yale ya juu. Vijani 3 mpaka 5, laini vinang'aa, machipukizi mapya yana wekundu wa damu ya mzee. Manyoya ya kitana hamna.

BintiWaMuscat:
Nilivyosoma waridi la zamani moyo ulinipeleka moja kwa moja Jabal Akhdar, milima ya huku Oman, kwa lile wanalokamulia maji ya mawaridi, lakini hilo lako silo mamangu. La huku linachanua msimu mmoja tu, mwisho wa Machi mpaka Mei hivi, basi mpaka mwakani, na linataka baridi ya mlimani. Miiba yake imejaa tawi zima na harufu unaipata kabla hujaliona ua. La mwaka mzima lenye harufu hafifu haliwezi kuwa hilo.

Shangazi_Limuru:
Hiyo ni waridi ya China, na mimi naiita Old Blush bila wasiwasi mwingi. Kukolea kwa jua ndiyo alama yake kubwa, waridi za Ulaya hufifia. Ongeza wekundu wa machipukizi, miiba michache, kuchanua bila kupumzika, yote inaingia. Wachina waliilima kwa karne nyingi, Uingereza ilikuwa ishachanua kufikia 1793 kwa bustani ya bwana mmoja Parsons, ndiyo maana wengine huiita Parsons' Pink China. Na msiidharau kwa sababu haina umbo la dukani, hizi waridi za leo zinazochanua mwaka mzima ziliipata hiyo tabia kwa mawaridi ya China kama hii! Inayoweza kukuchanganya ni Cécile Brünner ya Ufaransa, 1881, lakini tumba zake ni ndogo kama ncha ya kidole.

Kuokoa ni rahisi, inashika kwa vijiti. Chukua tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa shubiri, toa majani ya chini, fukia macho mawili (pale panapochipukia majani) kwa udongo wenye mchanga, weka kivulini na usiache ikauke. Panda vingi maana vingine vitaoza tu. Mti wenyewe subiri masika, kata ubaki kimo cha goti halafu chimba mbali na shina utoke na udongo wake.

NyumbaYaMlimani:
Shangazi ubarikiwe. Kaka amekubali kuanza na ukuta wa upande wa pili, vijiti naviweka kesho.

Korogwe_Kijani:
Huku kwetu joto, litakubali?

Shangazi_Limuru:
Itakubali, waridi za China zinapenda joto. Ipe maji na kivuli cha mchana mpaka ishike.

NyumbaYaMlimani:
Korogwe, vikichipua nakutunzia viwili, utume mtu wa basi avichukue stendi.