Msimuliaji wangu kachanganyikiwa ila wasomaji wanamuamini, nifanyeje?

Wakuu za jioni. Kuna hadithi fupi naandika, anayesimulia ni mlinzi wa usiku kwenye ghorofa moja Upanga, kila ikifika saa nane anamsikia mama wa ghorofa ya tatu anatwanga kisamvu, na huyo mama alishazikwa. Mi nilitaka msomaji aanze kumtilia shaka mlinzi, kwamba kichwa ndo kimeyumba. Nimewapa watu wanne wasome, wote "duh, jini hilo", wife anasema jamaa akasomewe dua. Nikaongeza mwishoni kumbe katoroka Mirembe, hospitali ya vichaa, sasa imekuwa kama bongo muvi.

Mzaramo_Halisi:
Mirembe futa leo leo. Yule mwandishi Poe wa Marekani, 1843, muuaji wake anasikia moyo wa maiti unadunda chini ya sakafu na anaanza kwa kukubishia kwamba yeye si kichaa, msomaji wa kule anamshtukia hapo hapo. Kule ni ama kweli ama kichaa, sisi huku tuna mlango wa tatu, jini, na tunaukimbilia mapema. Kwa hiyo achana na kinu, mfanye mlinzi akosee kwenye vitu ambavyo jini hana habari navyo, chenji, nauli, siku ya wiki.

Bibi Kitabu:
Hapo kwenye siku umenikumbusha Gogol wa Urusi, 1835, ile shajara ya karani. Tarehe zinaenda vizuri tu, mara unakuta Aprili 43 mwaka 2000, na jamaa keshakuwa mfalme wa Hispania. Hakuna aliyekwambia kachizika. Na mlinzi wako si ana kaunta buku la getini? Humo ndo pa kuchezea mdogo wangu, gari ya mwenye nyumba imeingia mara tatu, kutoka haijatoka hata mara moja.

kijana_wa_Mbagala:
Kingine asipayuke. Mjomba wangu aliumwa miaka, anaongea taratibu kuliko sisi wote, anafunga komeo mwenyewe halafu anakuuliza kwa upole kabisa nani kafunga. Tulichelewa sana kujua.

Mwenye uzi:
Dah asanteni, komeo naliiba kijana. Na nimepata hii, mama anasaini kwenye daftari kila usiku, mwandiko ni wa mlinzi, ila mlinzi anausifia eti mama ana mkono mzuri.

Mzaramo_Halisi:
Hapo sasa!

Shemeji Tandika:
Mi bado nasema jini. Kwani jini hawezi kuiga mwandiko?